Kijiwe cha Waandishi Dodoma: Jinsi ya Kukianzisha na Kukifanya Kisife

Mwandishi wa Dodoma anaweza kupata wasomaji wa kitabu kilichokwisha chapwa. Anayeadimika ni msomaji wa mswada. Ndugu atakurudishia kurasa zako na kusema "nzuri, hongera". Rafiki atakuuliza kitabu kinatoka lini. Wewe unamhitaji mtu wa kukuambia kwamba ukurasa wa 4 umemchosha, au kwamba shangazi aliyezikwa sura ya pili anapika chai sura ya tano. Mtu wa namna hiyo hulipwa kwa kusomewa naye wa kwake, na kijiwe cha waandishi ni mpango wa kulipana deni hilo kwa zamu.

Ukaribu nao una kazi yake. Ukiandika kwamba mvua kubwa ilimnyeshea mhusika wako Chamwino mwezi wa Julai, msomaji wa mbali atapita bila kushtuka. Wa Chamwino atasimama hapo hapo, kwa sababu huku msimu wa mvua ni mmoja, kuanzia mwisho wa Novemba au Desemba hadi Aprili, na Julai ni upepo, vumbi na baridi ya alfajiri. Ndivyo ilivyo kwa mavuno ya zabibu, kwa upishi wa mlenda, na kwa namna kijana anavyomwamkia mkwewe. Kosa la aina hii halimo katika kamusi yoyote, ila jirani hulikamata.

Isitoshe, Ugogo una nasaba yake katika jambo hili. Mathias Mnyampala (1917–1969), mwana wa Dodoma, aliwahi kuongoza UKUTA, chama cha usanifu wa Kiswahili na ushairi kilichoanza 1959, na ndiye aliyeipa nguvu ngonjera: ushairi wa kujibizana. Ngonjera haiandikwi ikakaa kabatini. Inataka sauti mbili na watu wa kusikiliza.

Watu wangapi, na wa kuwapata wapi

Anzeni watu 6 hadi 8. Chini ya 5, wawili wakisafiri kikao kimekufa. Zaidi ya 9, kila mmoja anasubiri zamu yake hadi anasahau alichokuwa anaandika. Hesabu ni nyepesi: mkikutana mara 2 kwa mwezi na kusoma kazi 2 kila kikao, ni kazi 4 kwa mwezi. Mkiwa 8, kila mwandishi anasomwa mara moja kila miezi 2, yaani mara 6 kwa mwaka. Hiyo inatosha kwa hadithi fupi na mashairi. Kwa riwaya haitoshi, na hilo lina dawa yake huko mbele.

Bandikeni tangazo maktaba ya mkoa, mpite idara za Kiswahili za Chuo Kikuu cha Dodoma na Chuo Kikuu cha St. John's, na mwaulize walimu wa Kiswahili wa sekondari. Msiwasahau wasiojiita waandishi: anayeitwa kila harusi ili aghani shairi, anayeandika maigizo ya kwaya, mwanahabari mwenye hadithi kwenye flashi. Anayetaka kujiunga alete kurasa 2 alizoandika mwenyewe. Hapo hampimi kipaji. Mnahakikisha tu kwamba anaandika kweli, maana wapo wengi wanaopenda kuitwa waandishi kuliko kuandika, na watatu wa namna hiyo wanatosha kugeuza kijiwe kuwa baraza la soga.

Mgeni akae vikao 2 akisoma za wenzake kabla ya kuleta ya kwake. Wanaoanza kwa kusomwa mara nyingi hutoweka wakishapata maoni yao.

Siku, saa na mahali

Jumamosi inaonekana nzuri mpaka mtakapoijaribu. Ndiyo siku ya harusi na misiba, na Waadventista wako ibadani. Jumapili alasiri, saa 8:30 hadi 10:30, huwa afadhali: watu wametoka kanisani, wamekula, na vikao vya harusi vya jioni havijaanza. Chagueni siku moja na muishike, kwa mfano Jumapili ya kwanza na ya tatu. Kikao cha "tutawasiliana" hufa mwezi wa pili.

Mahali pawe na mambo manne: meza, kivuli, utulivu wa kusikia mtu anayesoma kwa sauti ya kawaida, na daladala isiyodai kupanda ya pili. Darasa la shule, ukumbi mdogo wa kanisa au sebule ya mwanachama vinafaa. Mgahawa una muziki, tena mhudumu atawatazama kwa jicho baya mkikaa saa mbili kwa chai moja moja. Bustani ya Nyerere Square inapendeza kwa kuonana mara ya kwanza, si kwa kusoma. Na mkikaa nje kati ya Juni na Septemba, njooni na vibanio vya karatasi au mawe. Upepo wa Dodoma hauna adabu na miswada.

Ratiba ya mwaka ifuate mji ulivyo. Kuanzia Aprili hadi mwisho wa Juni, Bunge la bajeti linapokaa, watumishi wengi wa wizara hawana Jumapili. Likizo ndefu ya vyuo huwaondoa wanafunzi. Mvua za kwanza huwapeleka wenye mashamba Bahi, Kongwa na Mpwapwa. Kijiwe cha watumishi watupu au cha wanafunzi watupu hupoteza miezi 3 kila mwaka. Changanyeni: watumishi 2 au 3, wanafunzi 2, mwalimu, mkulima au mfanyabiashara, na mstaafu mmoja ambaye yupo siku zote. Mstaafu huyo apewe ufunguo.

Kazi inavyotumwa

Kiwango cha juu ni maneno 1,500 ya nathari, au beti 12 za shairi, au kurasa 6 za tamthiliya. Itumwe kabla ya saa 3 usiku Jumatano, kikao kikiwa Jumapili. Aliyechelewa anangoja zamu ijayo hata akiwa ndiye mwanzilishi. Sheria hii ikivunjwa mara moja kwa huruma, kufikia mwezi wa tatu watu watakuwa wanasomea kwenye bajaji wakija, na msomaji wa bajaji husema "nzuri, hongera" kama ndugu yako tu.

Chapa kwa herufi za ukubwa wa 12, nafasi ya mstari mmoja na nusu, kila ukurasa na namba yake. Namba si urembo: bila hiyo dakika 5 za kila kazi huishia kwenye "ni pale, baada ya pale anapofungua mlango". Maneno 1,500 hutoa kama kurasa 5. Mkitaka nakala za karatasi kwa wasomaji 7, ni kurasa 35 kwa kazi moja, 70 kwa kikao, 140 kwa mwezi. Kwa mfano, ukurasa ukiwa shilingi 100 steshenari, hizo ni 14,000. Mchango wa 2,000 kwa kila mmoja wa watu 8 unaleta 16,000, na baki inanunua sukari. Wasio na hela wasomee kwenye simu, ila nakala 2 za karatasi ziwepo: moja ya mwandishi, moja ya kuandikia masahihisho.

Katika WhatsApp fungueni makundi mawili. Moja la miswada tu, ambamo hakuna anayesema hata asante. La pili la maneno mengine yote. Mkichanganya, mswada wa Jumatano utazikwa Alhamisi asubuhi chini ya maua, aya za kutia moyo na tangazo la kiwanja Ihumwa.

Mweka hazina aandike kila shilingi kwenye daftari linaloonekana na wote, na fedha hiyo isikopeshwe hata kwa siku mbili. Mkishaanza kukopeshana mmeanzisha kikoba, na kikoba kina ugomvi wake usiohusiana na hadithi.

Dakika 45 za kazi moja

Hapa ndipo kijiwe kinapoponea au kufia. Msimamizi hubadilika kila kikao, na kazi yake ni saa na zamu ya kusema, basi.

Dakika 5 za kwanza: mtu mwingine, si mwandishi, anasoma ukurasa wa kwanza kwa sauti. Mwandishi anashika kalamu na kuweka alama kila msomaji anapojikwaa, anaporudia neno au anapovuta pumzi katikati ya sentensi. Mwandishi akisoma mwenyewe, sauti yake huziba mashimo, maana anajua alichotaka kusema. Msisome kazi nzima. Maneno 1,500 kwa sauti huchukua zaidi ya dakika 12, na nyumbani walishasoma.

Dakika 10 zinazofuata: kila msomaji anaeleza kwa sentensi moja au mbili kazi inahusu nini na nani anataka nini. Hakuna sifa wala lawama. Watatu wakisema ni hadithi ya ndoa na wanne wakisema ni ya shamba la urithi, mwandishi ameshapata jibu kubwa kuliko maoni yote yatakayofuata.

Dakika 20 ni za maoni. Mwandishi ananyamaza na kuandika. Hiki ndicho kipengele kigumu kuliko vyote, na wengi huomba kukiruka. Msikubali. Mwandishi akiruhusiwa kujibu, kikao kinakuwa kesi: yeye anatetea, wao wanashtaki, na kila maelezo anayotoa kwa mdomo ni maelezo ambayo hayamo kwenye karatasi. Msomaji wa Singida atakayenunua kitabu hatakuwa na mwandishi pembeni wa kumfafanulia.

Dakika 10 za mwisho ni za mwandishi kuuliza. Maswali yenye faida ni yale mahususi: "Mlijua lini kwamba mjomba ndiye aliyeuza ng'ombe?" Swali la "kwa hiyo mmeipenda?" huvuna heshima tu.

Kazi mbili ni dakika 90. Chai dakika 10, kupanga zamu na kutoa habari dakika 20. Saa mbili zimeisha, watu waende.

Namna ya kusema

Maoni mazuri yana mguu kwenye ukurasa. "Ukurasa wa 3, aya ya pili, Mama Neema anaijua siri ambayo hakuna aliyemwambia, nikarudi nyuma kuitafuta." Hapo mwandishi ana pa kushika. "Hadithi yako haina mvuto" haina pa kushika. Toeni mahali, kisha kilichowapata mlipofika hapo: nilipotea, nilicheka, niliruka mistari. Dawa aachiwe mwenyewe. Anayesema "ningekuwa mimi ningemuua huyo baba" ameshaanza kuandika hadithi yake ndani ya nyumba ya mtu.

Kuna suala la umri na cheo, na Dodoma haliepukiki. Katika meza moja anaweza kuwepo mkurugenzi na karani wa idara yake, mhadhiri na mwanafunzi wake, mzee na vijana wa rika la wajukuu zake. Mkubwa akitangulia kusema, wadogo wote watakubaliana naye. Kwa hiyo zamu ya maoni ianzie kwa mdogo kuliko wote na kuishia kwa mkubwa. Kijana anayemkosoa mzee asiambiwe ajifanye hana adabu. Adabu ibaki, na maoni yabaki: "Shikamoo mzee. Hapa kwenye beti la sita mimi nilikwama" hupita pale ambapo "hapa umekosea" lingewasha moto, tena ni kweli zaidi, kwa kuwa anachokijua kwa hakika ni kukwama kwake. Vyeo vya ofisini viachwe mlangoni. "Mwalimu", "mzee", "mama", "dada" na "kaka" vinatosha.

Tahajia isile dakika 20. Mtu mmoja kwa zamu apitishe kalamu nyekundu kwenye nakala ya masahihisho na kuikabidhi kimya kimya mwishoni. Yanayojirudia yanajulikana: "ata" badala ya "hata", "uyu" badala ya "huyu", "kwasababu" iliyoshikana, r na l zilizobadilishana viti. Yeye na kamusi wanatosha. Kundi zima likianza kusahihisha nafasi ya "kwa", mfumo wa hadithi hautaguswa hadi jioni.

Kigogo, Kirangi au Kisandawe vinapoingia kwenye mazungumzo ya wahusika, jaribio ni jepesi. Asiyejua lugha hiyo aulizwe amefikiri neno lina maana gani. Akikaribia, liacheni. Asipokaribia, sentensi ya jirani inahitaji kubeba zaidi; mabano ya tafsiri yanavunja mazungumzo.

Mashairi

Shairi la arudhi, yaani linalofuata kanuni za vina na mizani, lina kipimo kinachohesabika, kwa hiyo hesabuni kwanza kabla ya kubishana kuhusu maana. Mmoja aghani, wengine wagonge meza kwa kila mizani, yaani kila silabi. "Upepo wetu Dodoma, huvuma hadi jioni" ni 8 na 8. Ukiandika "Upepo wa hapa Dodoma" umefika 9, na mkono wa mgongaji utakuambia kabla ya jicho. Wanaoanza hukosea zaidi kwenye m na n: "mbuyu" ni mizani 3, m-bu-yu, ilhali "mbuzi" ni 2, mbu-zi. "Nchi" ni 2. "Ng'ombe" ni 2, hata akiwa mkubwa.

Kina, yaani silabi za mwisho zinazofanana, kikishinda maana, kimetafutwa. Dalili yake ni neno ambalo halijawahi kutumiwa na mtu aliye hai likikaa mwisho wa mshororo peke yake. Lizungusheni kwa penseli, mwandishi atafute nyumbani. Mashairi huru yasipigwe kwa fimbo hii. Hayo someni kwa sauti mara mbili na mwulize kila mstari umekatwa pale kwa sababu gani.

Ngonjera mpeni kila mhusika msomaji wake, wasimame. Jibu lisilojibu husikika mara moja.

Riwaya

Maneno 1,500 mara 6 kwa mwaka ni 9,000. Riwaya ya maneno 45,000 ingechukua miaka 5 kusomwa, na kufikia sura ya kumi hakuna atakayemkumbuka muuaji. Ifanyeni hivi: mwandishi alete kwanza sura ya kwanza na muhtasari wa ukurasa mmoja unaosema mwisho bila kuficha. Kisha akae kando aandike hadi mwisho. Rasimu ikikamilika, kikao kimoja chote kitengwe kwa ajili yake, mswada ukitumwa mwezi mmoja kabla, na wasomaji 3 waliojitolea wausome wote. Waliobaki wasome sura ya kwanza, moja ya katikati na ya mwisho. Kusoma riwaya kipande kipande ikiwa bado inaandikwa kuna hasara moja kubwa: mwandishi huanza kuifuata meza, na kila sura huwa na baba mwingine.

Hofu ya kuibiwa

Swali hili huulizwa kikao cha kwanza. Chini ya Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, kazi inalindwa tangu ilipoandikwa. Kusajili katika Ofisi ya Hakimiliki Tanzania (COSOTA) husaidia ushahidi lakini si sharti la kuwa na haki. Kinacholindwa ni maandishi, si wazo. Wazo la binti anayerudi kijijini halina mwenyewe. Mswada uliotumwa kwenye kundi una tarehe na saa, na huo nao ni ushahidi. Kanuni ya ndani iwe moja: hakuna anayesambaza kazi ya mwenzake nje ya kundi, hata kwa nia ya kumsifu. Akifanya mara moja aonywe, ya pili atoke. Kwa mtumishi anayeandika kejeli ya ofisi, kanuni hii ndiyo inayomfanya athubutu kuileta.

Pa kupeleka kazi

Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayoratibiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, hutolewa Aprili 13, siku ya kuzaliwa kwa Mwalimu. Someni tangazo la mwaka husika kuhusu nyanja, idadi ya maneno na siku ya mwisho, kisha mrudi nyuma miezi 3 kutoka siku hiyo: kikao cha kwanza kwa maudhui, mwezi mzima wa kuandika upya, kikao cha pili kwa lugha na masharti. Kazi nyingi huanguka kwenye masharti. Mtu mmoja akae na tangazo mkononi akihakiki kama mkaguzi wa tiketi.

Kijitabu cha pamoja mwisho wa mwaka ni zoezi zuri, maana hapo kila mtu hulazimika kumaliza. Mkitaka kukiuza madukani, ISBN, namba ya kimataifa ya kutambulisha kitabu, hutolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania. Mkitaka tu kukigawa shuleni na maktabani, anzeni kidogo: karatasi ya A4 ikikunjwa katikati inatoa kurasa 4, hivyo kurasa 40 ni karatasi 10, na jalada la karatasi ngumu juu yake. Idadi ya kurasa lazima igawanyike kwa 4. Mkiwa na 38, ongezeni mbili tupu. Nakala 30 zinakula karatasi 300, rimu moja inabakiwa na 200 za makosa, na makosa yatakuwepo, hasa kurasa zilizochapwa kichwa chini upande wa pili. Jaribuni nakala moja kwanza.

Stapla ya kawaida haifiki katikati ya karatasi. Ifungueni iwe bapa, wekeni kijitabu kikiwa wazi juu ya kandambili, jalada likitazama juu, mpige pini 2 kwenye mkunjo, moja sentimita 5 kutoka juu na nyingine sentimita 5 kutoka chini. Kibandueni taratibu, kisha kunjeni miguu ya pini kwa mgongo wa kijiko.